Kobe Anapofikiri

Baba mkwe wangu alikuwa na desturi moja ambayo mgeni angeishangaa. Kila jioni, akishanawa miguu, alikaa kwenye pembe ya sebule yetu mbele ya kompyuta kuukuu na kucheza drafti na mwanawe, na mwanawe hayupo.

Mwanawe ni mume wangu. Yu hai na ana afya tele, ila yuko mbali, ng'ambo, anafunga mitambo kwenye viwanda vya watu. Programu yenyewe ya drafti aliiandika kwa mkono wake alipokuwa bado anavaa kaptula za shule. Baba alikuwa karani wa bohari enzi hizo. Ofisi ilipoleta kompyuta mpya, yeye akaomba ile ya zamani isitupwe, akaipandisha ngazi mgongoni kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Ilikuwa nzito, imepauka, na mambo yake yote ilifanya polepole. Wakaiita Kobe. Kijana akajifunzia hapo mpaka akaweza kuifundisha drafti, na wa kwanza kuitwa aje kucheza alikuwa baba yake.

Kucheza kwenyewe kulikuwa hivi. Unasogeza kete yako kwa vitufe vya mishale, unabonyeza, halafu chini ya skrini linatokea neno NAFIKIRI. Unasubiri. Kobe akishamaliza kufikiri anasogeza kete yake na kulia, pii! Katikati ya kubonyeza na pii, Baba alikuwa na kazi yake: anavua miwani, anashika pindo la shati, anafuta kioo cha kulia, anafuta cha kushoto, anairudisha puani. Mara nyingi miwani ilitua puani na pii ikalia papo hapo, kama watu wawili waliozoeana kwenye kutwanga.

Lakini kuna siku pii ilichelewa. Hapo ndipo Baba alipokuwa mtu mwingine.

"Mama Mwenyekiti! Njoo uone, nimembana!"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Tunasimama wote tunalitazama neno NAFIKIRI, limetulia pale, halina haraka.

"Mwone, hana pa kutokea," Baba ananong'ona, kana kwamba Kobe atamsikia. "Akinyamaza sana ujue nimemshika pabaya. Hata alipokuwa mdogo ilikuwa hivyo. Ukimuuliza swali la maana ananyamaza kwanza."

Mwenyekiti ni binti yangu. Jina hilo alipewa na babu yake siku alipojua kukaa: alikalishwa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, akagoma kushuka mpaka kila mtu apite mbele yake kumwangalia. Sasa anasimama kwa kushika vitu, anatembea hatua chache na kuanguka, lakini cheo hajavuliwa.

Tunakaa ghorofani, juu ya karakana ya mafundi cherehani. Mchana kutwa sakafu yetu inatetemeka kidogo chini ya nyayo, na sauti za vyerehani zinapanda kama mvua ya mbali. Mafundi wakifunga, kimya kinapanda badala yake. Kimya kile nilikiogopa tangu mume wangu aondoke. Ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya nijiandikishe masomo ya jioni ya ufundi wa kompyuta. Sababu nyingine ni kwamba nilitaka siku moja binti yangu aulizwe mama yako ni nani, asikose jibu.

"Nenda kasome," Baba aliniambia siku ya kwanza, nikiwa nasitasita mlangoni. "Mimi na Mwenyekiti tuna kikao."

Basi nilikwenda. Na nikirudi niliwakuta, mmoja kalala kifuani kwa mwenzake, Kobe anawamulika wote wawili.

Jioni moja Baba alibonyeza kitufe, feni ya Kobe ikavuta pumzi, skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena. Kukatoka harufu kama ya mpira ulioungua, na feni nayo ikanyamaza. Baba alichukua kitambaa cha kufunikia akamfunika Kobe vizuri, pembe zote.

Nilimbeba hadi darasani. Mwalimu wetu, mtu mrefu anayependa kila kitu kiende mbio, hata sentensi zake, alifungua kifuniko mbele yetu sote. Ndani, kwenye ubao mkuu, vijisehemu vidogo kama vikopo vilikuwa vimevimba, na kimoja kimetoa utomvu wa kahawia.

"Ubao huu ndiyo basi tena," alisema. Kisha akabinua kwa uangalifu kigae kidogo cheusi, chini yake kimejaa pini nyembamba kama brashi. "Prosesa yenyewe, huu ubongo wake, nzima kabisa. Tatizo haina pa kukaa."

"Kama mimi mwenye nyumba akinitolea vitu nje," alisema Kinyozi. Huyo tunasoma naye. Mchana ananyoa watu, jioni anatunyoa sisi kwa maneno.

Mwalimu aliniwekea kile kigae kiganjani. "Na wewe mada yako ndiyo hiyo. Siku ya kusimama mbele, utatulinganishia prosesa ya zamani na ya kisasa." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema licha ya haraka zake, akatoa diski ya Kobe, akahamisha kila kilichokuwemo hadi kwenye laptopu yangu. Akaniwekea na programu inayoigiza kompyuta za zamani, ili mchezo ule udhani bado uko nyumbani kwake. "Nimekuwekea kasi ya juu kabisa," aliniambia, anafunga begi. "Mzee atafurahi. Sasa hivi itakuwa inaruka!"

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kilichopotea.

Kesho yake, Baba aliketi mbele ya laptopu, akakunja mikono ya shati. Ubao wa drafti ulikuwa uleule, rangi zilezile. Akasogeza kete, akabonyeza, mkono ukaanza safari ya kwenda kwenye miwani.

Pii!

Mkono ulikuwa bado njiani. Akautazama. Akaurudisha, akasogeza kete nyingine.

Pii!

Neno NAFIKIRI sijui kama lilitokea. Kama lilitokea, jicho halikuliwahi. Baba alikaa akipanga kete zake kwa makini, nikajua anatega ule mtego wake wa kona ya kushoto. Akautega. Kidole hakijainuka kwenye kitufe, pii, na mtego umeteguliwa.

Akaisukuma laptopu pembeni taratibu, kama mtu anayekataa chakula bila kumuudhi mpishi.

"Huyu si yeye."

"Ni uleule, Baba. Sijabadilisha hata herufi."

"Sijasema umebadilisha, mwanangu. Nasema si yeye. Namuuliza, sijafunga mdomo, keshajibu." Alivua miwani, lakini hakuifuta. "Ila kweli, siku hizi hata kwenye simu yuko hivyohivyo. Labda ndiye."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa nilidhani ni siri yangu peke yangu.

Mume wangu anapiga simu, tena mara kwa mara, sitaki kumsingizia. Lakini simu zenyewe ziko hivi: "Mambo? Poa. Mtoto? Poa. Baba? Poa. Hapa nipo bize kidogo, tutaongea." Na ujumbe ndiyo usiseme. Naweza kukaa jikoni wakati wali unakauka, nikamwandikia habari ndefu: jinsi Mwenyekiti alivyoachia meza akasimama peke yake, jinsi alivyotutazama kama aliyesimamisha dunia nzima. Natuma. Sijaiweka simu chini, kimeshaingia kidole gumba. Kidole gumba cha njano, kimesimama. Sikuwahi kujua kidole kinaweza kumwacha mtu mpweke kiasi kile. Tulipokuwa wachumba alikuwa na simu mbovu yenye mtandao wa kubahatisha, na mara nyingi alinyamaza katikati ya maongezi. Nilikuwa namsikia anapumua. Nilikuwa najua ananiwaza.

Tangu siku ile Baba alianza kukaa dirishani. Alikuwa akitazama mafundi wakiingia na kutoka chini, akirudi mezani kula kidogo, akirudi dirishani. Kobe nilikuwa nimemrudisha kwenye pembe yake, chini ya kitambaa chake, mtupu tumboni. Halafu asubuhi moja, namkunia Mwenyekiti nazi ya uji, Baba akasema bila kugeuka:

"Nimeongea na wifi yako. Nitakwenda kukaa kwake."

"Kwa muda, Baba?"

"Kule kuna watu. Watoto, majirani, kelele. Hapa nimekuwa mtu wa kujaza kiti tu."

Niliendelea kukuna mpaka nikajikuna kidole. Akiondoka Baba, masomo yangu ndiyo yameisha, maana nitamwachia nani mtoto? Lakini si masomo tu. Nilijiona nimekaa sebuleni na Mwenyekiti kalala, chini wameshafunga, mvua inaanza kunyesha, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia "mvua hiyo." Neno dogo hivyo. Mtu akikosa wa kumwambia "mvua hiyo," hana nyumba, ana paa.

Nikaamua sitakubali kirahisi. Tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba mchezo unajibu upesi. Na mimi si nasoma? Mchana ule Mwenyekiti alipolala nilifungua programu ya drafti, nikaisoma mstari kwa mstari kwa elimu yangu hiyo ya kuungaunga, mpaka nikapata mahali ambapo kompyuta huweka kete yake. Juu kidogo ya hapo nikaongeza mstari wangu mmoja: subiri kwanza. Nikaukadiria muda wa mtu kufuta miwani, kioo cha kulia na cha kushoto. Nikajaribu. NAFIKIRI. Kimya. Pii! Nilijipigia makofi mwenyewe, kwa sauti ndogo, mtoto asiamke.

Jioni nikamwita Baba. Alikuja kwa kunihurumia. Akasogeza kete. NAFIKIRI. Mkono ukapanda wenyewe hadi kwenye miwani: kulia, kushoto, puani, pii! Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akasogeza tena. Kulia, kushoto, puani, pii! Nilikimbilia jikoni nisije nikalia mbele yake.

Niliporudi alikuwa amekunja uso. Nikaona anasogeza kete moja makusudi mahali pa kuliwa bure, mchezo wa kitoto. NAFIKIRI. Kimya kilekile. Pii! Akapanga, akapanga, akatega mtego wa kona ya kushoto. NAFIKIRI. Kimya kilekile. Wala hakikuzidi, wala hakikupungua. Pii!

Baba akaweka kiganja juu ya meza.

"Mama."

"Abee, Baba."

"Umemwambia ajifanye anafikiri."

Nilitamani sakafu ipasuke niangukie kwenye vyerehani.

"Nimempa kete ya bure, kanyamaza," aliendelea, hana hasira. "Nimembana kooni, kanyamaza vilevile. Mtu anayenyamaza kwa sababu kaambiwa anyamaze hafikiri huyo. Anangoja nimalize aende zake."

"Nilidhani, Baba..."

"Najua. Una moyo mzuri. Ila usinidanganye kwa wema, mwanangu, maana nashindwa hata pa kukugombezea." Akasimama, akampapasa Mwenyekiti kichwa. "Wifi yako anakuja Jumapili."

Siku yangu ya kusimama mbele ya darasa iliangukia kabla ya Jumapili hiyo. Nilikwenda kwa kuwa nilishaamua kwamba kama ni jioni ya mwisho, basi iwe ya heshima. Baba alibaki na mtoto. Kigae cha Kobe nilikifunga kwenye kitambaa laini, nikakizungusha kila mtu akishike.

"Kwetu chini kuna mafundi cherehani," nilianza, "kwa hiyo nitasema kwa cherehani. Prosesa ya zamani ni fundi mmoja, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Anashona kimoja mpaka kiishe ndipo ashike kingine. Akitaka kitambaa anainuka kukifuata kabatini, anarudi. Prosesa ya kisasa ni ukumbi mzima wa mafundi, kila mmoja na cherehani ya umeme, na vitambaa vya karibu wameshajiwekea mapajani wasiinukeinuke. Shati ambalo yule wa zamani anashona kutwa, hawa wanalimaliza hujafumba jicho. Halafu, muda mwingi hawana kazi. Wamekaa tu wanatungoja sisi tubonyeze."

"Hao ni kama vinyozi wiki ya mwisho wa mwezi haijafika," Kinyozi alisema, watu wakacheka. Kisha akainua mkono kweli. "Sasa dada, huyo fundi mmoja ana faida gani? Si tumzike tu?"

Nilifungua mdomo, jibu likaja lenyewe.

"Fundi mmoja ukimpelekea suruali ya kupunguza anakurudishia upesi. Ukimpelekea gauni la harusi anakawia. Kwa hiyo ukiona amekawia unajua umempa kazi ngumu. Hawa wengine, suruali au gauni, yote ni kufumba na kufumbua. Huwezi kujua kama ulichowapa kilikuwa na uzito."

Hapohapo, mbele ya watu wote, nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mume wangu hakuandika popote kwenye mchezo ule kwamba kompyuta isubiri. Ningeuona mstari huo. Niliisoma programu yote. Kile kimya hakikuandikwa na mtu. Kilikuwa ni jasho la Kobe mwenyewe, kazi ya kupitia njia moja moja mpaka apate ya kutokea. Mimi nilikwenda kuongeza kimya juu ya kazi iliyokwisha. Hapakuwa na haja ya kugusa mchezo. Aliyehitaji kubadilishwa ni mfanyakazi, yaani mwendo wa mashine inayoucheza.

"Mwalimu," nilisema, nimesahau kwamba nilikuwa nahojiwa mimi, "ile programu ya kuigiza. Ile kasi uliyoiweka juu kabisa. Inashuka?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kinyozi akapiga meza. "Watu wanauza mbuzi wanunue kompyuta ya mbio, mwenzetu anatafuta breki!"

Mwalimu mwenyewe alitabasamu, lakini alikuja akanionyesha. Vitufe viwili kwa pamoja, inashuka. Viwili vingine, inapanda. "Inashuka mpaka utakapochoka," alisema. "Unataka ifike wapi?"

"Sijui. Nitaisikia ikifika."

Jumapili, begi la Baba lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, zipu imefungwa hadi mwisho. Chini mafundi hawakuja, ni siku yao ya kupumzika, na sakafu ilikuwa imetulia kama ya nyumba ya watu wengine. Baba alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Mwenyekiti hakuelewa, au alielewa. Alilishika begi kwa mikono miwili na kulisukuma kurudi ndani, likamshinda.

Nilikuwa nimeufuta ule mstari wangu wa uongo. Nikaiweka laptopu mezani.

"Mchezo wa kuagana, Baba."

"Nitawaaga wewe na mtoto. Hiyo haina haja."

"Kidogo tu. Wifi bado hajafika."

"Umeifanya nini tena?"

"Mchezo sijaugusa. Safari hii nimemrudisha aliyekuwa anaufanya. Au najaribu. Ila sijui alikuwa na mwendo gani hasa, inabidi unisaidie."

Hilo la kuombwa msaada ndilo lililomkalisha. Mwenyekiti akadai mapaja yake, akapewa. Akasogeza kete. Mimi nimesimama pembeni, vidole kwenye vile vitufe.

NAFIKIRI.

Baba akafuta kioo cha kulia. Akafuta cha kushoto. Akavaa. Kimya. Akavua tena, akafuta upya. Akamfuta na Mwenyekiti makamasi.

"Huyu kalala au kafa?"

"Ngoja, Baba." Nikaipandisha. Kete nyingine. Pii! Miwani ikiwa bado mkononi.

"Kanivamia sina macho."

Nikashusha kidogo. Kete nyingine: karibu, lakini bado. Nikashusha tena, kidogo zaidi, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Kete nyingine. Kulia, kushoto, puani.

Pii!

Baba alinitazama kwa pembe ya jicho, jicho la mtu aliyewahi kudanganywa mezani hapohapo. Akasogeza kete moja mahali pa kuliwa bure. Pii! Hapohapo, bila kufikiri, kete ikaliwa. Akatikisa kichwa polepole. Akaanza kupanga. Najua mtego ule sasa, nimeuona mara nyingi nikiwa na mwiko: hii huku, hii nyuma yake, hii ya kupotezea. Akautega. Akabonyeza.

NAFIKIRI.

Kioo cha kulia. Kioo cha kushoto. Puani. Kimya. Baba hakuvua miwani tena. Alikaa ameinama kidogo mbele, mikono imemzunguka mtoto, na kimya kikaendelea. Nikakisikia kwa mara ya kwanza hakiniogopeshi. Kulikuwa na mtu ndani yake.

"Nimembana," Baba alinong'ona.

Simu yangu ikaita. Mume wangu. Nikapokea haraka, kwa kuogopa kuharibu.

"Mambo?"

"Poa."

"Baba keshaondoka?"

"Bado. Anacheza."

"Mwambie asubiri," alisema Baba bila kugeuka. "Nipo naye huku."

"Anacheza na nani?" aliuliza mume wangu.

"Na wewe."

Kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekatika, nikaitazama simu. Haukukatika.

"Kobe si alikufa?"

"Alikufa ubao. Nimemtafutia mwendo wake kwenye laptopu. Nimemshusha mpaka akaanza tena kufikiri."

Kimya tena. Nilisikia nyuma yake vyuma vikigongana, mtu akiita jina lake kwa lugha ya huko.

"Bado anaandika nafikiri?" aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka, kama ile ya simu mbovu.

"Ndiyo anaandika sasa hivi."

"Baba kamtegea wapi?"

Nikaiweka simu mezani, nikafungua spika. Baba akaisogelea bila kuondoa macho kwenye skrini.

"Kona ya kushoto, bwana mdogo. Nina tatu, nyuma yake nina moja. Wewe umebaki na mbili mbele na ile yako ya pembeni. Wewe wa hapa bado unahangaika. Wewe wa huko unasemaje?"

Nikajua litakalokuja. Poa, Baba, nipo bize kidogo. Midomo yangu ilishaanza kulitamka.

"Ngoja, Baba," alisema mume wangu. "Ngoja kwanza nifikiri."

Wakanyamaza wote wawili, wa kwenye skrini na wa kwenye simu. Kule vyuma viligonga. Mtu akaita tena, mume wangu akamjibu kwa mbali, kisha akarudi kwenye kimya chake. Nilimsikia anapumua.

"Hodi humu ndani!" Wifi alisukuma mlango, mkoba begani, jasho usoni. "Baba, twende, teksi ipo chini na dereva ana mdomo kuliko mimi."

"Keti kwanza," alisema Baba. "Zamu ni ya kaka yako."

"Kaka? Yuko wapi?"

Baba akaonyesha laptopu kwa kidevu, kisha simu. Wifi akanitazama mimi, nami nikapandisha mabega. Alitazama begi. Alimtazama baba yake, alivyoinama mbele, na mtoto kwenye mapaja yake kanyamaza kama mwenyekiti kweli anayengoja kura. Honi ikapigwa chini. Ikapigwa tena.

Wifi akavuta kiti taratibu, akaketi kando ya begi. Halafu akainuka, akafungua dirisha.

"Nenda tu, kaka!" alimpigia dereva kelele. "Huku bado wanafikiri!"

Sijui kule chini dereva alijibu nini, ila wifi alifunga dirisha anacheka peke yake.

Pii haikuwa imelia. Mume wangu naye hakuwa amesema neno. Baba alikuwa akisuguasugua miguu chini ya meza. Nikaona ameshavua viatu vya kutokea, kimoja kimelala ubavu.

"Mama Mwenyekiti," alisema kwa sauti ndogo, asiwakatishe. "Nifungulie begi hilo unitolee ndala zangu. Sakafu ina baridi."